Kivinjari Kilichodanganya Jina

Dada yangu alifika Kashai kutoka Izimbya na vyeti vyake kwenye mfuko wa plastiki. Alitaka kuomba nafasi ya kusomea uuguzi chuoni, na maombi yalikuwa yanafungwa jioni ileile. Nilikuwa nimepanga chumba hapo kwa muda, kama ninavyopanga kila mahali, nikiwa na kompyuta kuukuu ya programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua akaona zilivyoundwa. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini hizo nimezifungua sana.

Tovuti ya chuo ikatuletea maandishi mekundu: kivinjari chako hakikubaliki, tumia kile kingine. Kivinjari ni programu ya kufungulia kurasa za mtandao; kile kingine ni cha kampuni kubwa, na kompyuta yangu haikiwezi.

"Ndicho kilichomkuta mwenzangu wa Muleba asubuhi," dada akasema. "Amekata tamaa."

Nikapiga simu chuoni.

"Kaka, badilisha kompyuta," mhudumu akasema.

"Kurasa za mtandao zina viwango vya wote. Kivinjari changu kinavifuata."

"Kwani wewe ni injinia?"

"Hapana."

"Basi nenda stesheneri, waitu, ndugu yangu!" Akacheka, akakata.

Stesheneri zipi? Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Sisi tuliponea betri na modemu.

Kwetu mgeni hupewa akamwani, kahawa ya kutafuna, kabla hajaulizwa katoka wapi. Hawa wa chuo wanauliza jina la kivinjari mlangoni, na jina lisipowapendeza hawatazami hata kama unaweza kuingia. Nikafungua mipangilio, nikakiamuru kivinjari changu kijitaje kwa jina la kile cha kampuni. Jina tu. Sikugusa kingine.

Ukurasa ukafunguka wote, hadi kitufe cha mwisho.

"Kumbe kilikuwa kinaweza?" dada akauliza.

"Tangu mwanzo."

Mtu fulani ofisini aliona uvivu kujaribu vivinjari viwili, akaamua kwamba wenye kimoja ndio watu. Njia iliyochongwa ipitwe na wote, yeye kaifanya uchochoro wa kampuni moja.

Dada alituma maombi, kisha akampigia mwenzake wa Muleba nimwelekeze. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, na tena, huku mimi nikiuacha ukurasa wazi kwa ajili yake.

Giza lilipoingia, maandishi mekundu yalirudi. Safari hii yalisema maombi yamefungwa.