Kaburi Uani kwa Babu

Jamani, leo asubuhi nimemkuta babu ninayemtunza huku mtaa wa Overport anachimba kaburi uani.

Peke yake! Na miaka yake themanini na tisa.

Pembeni kuna kitu kimefungwa shuka nyeupe, saizi ya mtoto mchanga. Eish! Nikatoa simu niite polisi.

"Zuhura, njoo unisaidie kumshusha baba yangu," babu akaniita.

Nikafunua shuka huku nimefumba jicho moja.

Vitabu! Vya sala za Kiyahudi, vya baba yake na babu yake, marabi wote. Mchwa wamevimaliza. Kwao vikichakaa havitupwi, vinazikwa.

Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Kimoja akakitia mfukoni. "Hiki nitazikwa nacho. Waambie watakaonizika, maana sina mwingine wa kumwachia maagizo."

Nikaitikia. Ila sasa ndiyo naogopa kweli: siku yake ikifika, mwenye maagizo ni mimi peke yangu.

Nyie mngemjibuje?