Bimdogo na Wikio la Ibra

Ukitaka kujua kama bibi yangu Bimdogo ana jambo moyoni, usimtazame uso. Uso wake ni wa mshona kofia, hausemi kitu. Tazama sahani yake. Siku mbili zile za safari hakutia mdomoni ila kahawa na maji, na bati la mkate wa mayai alioupika mwenyewe lilikaa mapajani mwangu kutoka kwetu Ruwi mpaka Nizwa, kutoka Nizwa mpaka Samad, yeye asikate hata kipande.

Ilikuwa mwaka wa themanini na mbili. Gari ilikuwa ya ami yangu Thabit, mwana wa mwisho wa bibi, Datsun nyeupe. Mbele ami na mkewe Fawziya, nyuma mimi na bibi. Ami alikuwa akifanya kazi serikalini, Alkhamisi na Ijumaa yuko huru, na bibi alimwambia maneno machache tu: "N'nataka kutembea nikaangalie mawikio."

Kwa asiyelijua, wikio ni kile chumba kinachojengwa juu ya uchochoro kuunganisha nyumba mbili, kama daraja lenye kuta na paa. Wanawake huvuka humo kwenda kwa jirani bila ya kushuka njiani. Unguja mjini yalikuwapo. Huku Oman wenyewe wanaliita sabat, na miji ya kale inayo mengi.

Ami alidhani ni mambo ya uzee. Mimi nilijua si hivyo. Tangu nilipoacha skuli mimi ndiye niliyekuwa nikimtungia bibi uzi, na mtu anayeshona huzungumza na uzi wake, akasahau kuwa upande wa pili kuna mtu ameushika.

Bibi alizaliwa Ibra, na jina lake la huko ni Turkiya. Bimdogo alipewa Unguja. Mama yake alikufa kwa uzazi, akanyonyeshwa na shangazi yake Ghaniya pamoja na Mahfoudha, binti wa Ghaniya mwenyewe. Nyumba ya baba na nyumba ya shangazi zilitazamana, baina yao uchochoro, na juu ya uchochoro wikio. Bibi alikuwa analala huku, anakula kule. Alipofika miaka saba baba yake, Mahrous, akataka kusafiri naye Unguja. Shangazi akasema mtoto haendi popote, huyu kanywa maziwa yangu. Wakagombana mpaka wakaacha kusemezana. Siku ya mwisho, alasiri, baba akamwita bibi kwenye wikio akamwambia, "Njoo tucheze kujenga." Akauziba mlango wa upande wao kwa udongo na majani makavu, na bibi ndiye aliyefinyanga madonge, akawa anampa moja moja huku anaimba. Alfajiri wakapanda ngamia kwenda bandari ya Sur. Shangazi alikuwa na desturi ya kuvuka kila asubuhi kuja kumwamsha. Asubuhi ile alikuja akakuta ukuta.

"Asiponipa radhi, Rahila," bibi aliniambia, macho kwenye kofia, "nitazikwa na udongo ule mikononi."

Miaka minane tangu turudi Oman alikuwa na udhuru. Barabara mbovu. Magoti. Kofia za watu hazijesha. Kisha barabara ikatiwa lami, na mtu wa Ibra akaja Ruwi akasema Ghaniya yuhai, ila haoni vizuri na ngazi hashuki tena. Udhuru wote ukaisha, ukabaki mmoja tu: mawikio ya miji mingine.

Basi tukaanza Nizwa. Nyuma ya soko tuliyaona matatu. Bibi alisimama chini ya kila moja, akanyanyua shingo kutazama magogo ya mtende, kisha akabisha hodi kwa watu asiowajua akaomba apande juu. Watu wa Nizwa walimpokea vizuri, kila nyumba kahawa, kila nyumba tende, na tende akizishika tu mkononi. Tukalala kwa jamaa zake Fawziya. Asubuhi tukaenda Birkat al Mauz, tukaona jengine.

"Mama," ami alisema akifuta miwani yake vumbi, "hili la nne. Wikio ni wikio."

"Na mwanamke ni mwanamke. Mbona wewe uliwakataa wawili nilokuchagulia?"

"Ala, Mama!" Fawziya akageuka. "Mimi nipo hapa nasikia."

"Ndo nakusifu, mwanangu. Wewe ulikuwa wa tatu."

Fawziya alikulia Mwanza, kucheka kwake kulisikika hata nje ya gari. "Kwetu Mwanza kuna mawe makubwa kuliko nyumba," akasema, "lakini hakuna mtu aliyetuzungusha siku mbili kuyatazama."

Wakacheka wote, na bibi akacheka. Mimi nilikuwa namtazama mikono. Katika mawikio yote yale, wenzangu wakiangalia dari na vidirisha vya kuchungulia njia, yeye alikwenda moja kwa moja mlangoni, kwanza wa upande huu, kisha wa upande ule. Akikuta milango yote wazi alishusha pumzi. Nizwa tulikuta mmoja umezibwa kwa matofali, na pale alisimama mpaka mwenye nyumba akaanza kuona haya, akatueleza kuwa wamegawana tu urithi, hakuna ugomvi.

Samad ash Shan tulifika kabla ya Sala ya Ijumaa. Huko mwashi mmoja, mzee Marhoun, alikuwa analitengeneza wikio lililobonyea. Amevua kilemba, udongo mpaka kwenye viwiko, nao umekandwa na makapi ya ngano, unanuka kama zizi. Alizungumza na bibi kwa Kiarabu, na mimi nayaandika maneno yao kwa Kiswahili.

"Mlango ukizibwa kwa udongo," bibi alimuuliza, "ukakaa miaka hamsini na zaidi, mtu akiuvunja, paa litaanguka?"

"Miaka hamsini? Huo si ukuta tena, Bibi, huo ni jiwe. Usiuguse. Ulitakiwa kuvunjwa siku ile ile."

"Siku ile ile ungevunjika?"

Marhoun akacheka. Alichukua donge akalibandika kwenye kizingiti, akalisukuma kwa kidole kimoja, kidole kikatokea upande wa pili. "Udongo mbichi hauzuii mtu. Siku ya kwanza mbuzi akiegemea, unalala. Huchukua siku tatu, nne, kukamata."

"Hata mwanamke angeweza kuusukuma?"

"Hata mtoto, Bibi."

Bibi akakaa juu ya gogo la mtende. Fawziya alimkimbilia akidhani ni jua, akampepea kwa mtandio. Mimi nilijua si jua. Miaka hamsini na tano alikuwa akijiona mtu aliyemfungia shangazi yake mlango. Sasa anaambiwa mlango haukufungwa.

Tuliingia garini, tukaipita mitende ya mwisho ya Samad. Hapo akanishika mkono, akanambia kwa sauti yake ya chini ya kushonea, "Rahila, mbona hakusukuma?"

Akajijibu mwenyewe.

"Basi hakunitaka," akasema. "Alinipigania kwa mdomo tu, watu wamsikie."

Kisha akamgonga ami begani. "Thabit, geuza gari. Turudi Ruwi. Mawikio nimeshayaona."

Ami akatazama kwenye kioo. Mimi siku zote husema kidogo, na labda ndiyo maana aligutuka nilipofungua mdomo. "Ami, usigeuze," nikamwambia. "Ibra kuna shangazi yake bibi. Yuhai. Huko ndiko tunakokwenda tangu jana."

Fawziya akageuka mzima mzima. "Tuna shangazi yake Mama Ibra, na sisi tunatazama magogo?"

"Mtoto wewe," bibi akanambia, "kimya chako chote kile ulikuwa unakiwekea siku hii?" Lakini mkono wangu hakuuachia. Na ami hakugeuza.

Tulifika Ibra jua la alasiri limelala kwenye kuta. Bibi hakuuliza njia. Aliongoza mwenyewe kwa miguu, akafuata mfereji wa maji wa falaj, akakata kulia, na mbele yetu uchochoro ukaingia kivulini. Juu, lile wikio. Dogo kuliko yote tuliyoyaona. Nyumba ya kulia, ya baba yake, ilikuwa haina paa wala mtu. Ya kushoto ilikuwa na nguo zilizoanikwa.

Aliyetufungulia alikuwa Kaltham, mjukuu wa Ghaniya, mwanamke wa makamo mwenye unga mikononi. Akatupandisha juu. Bi Ghaniya alikuwa amekaa karibu ya dirisha, mdogo kama mtoto, barakoa usoni, magoti yamefunikwa kanga ya zamani sana. Bibi akapiga magoti akambusu kichwa.

"Nani?"

"Turkiya. Binti Mahrous."

Bi Ghaniya akaupapasa uso wa bibi kwa vidole, akafika kwenye kidevu, akakiminya. "Umechelewa," akasema. "Uji wako umepoa."

Kaltham akaangua kicheko, na Fawziya naye. Bibi hakucheka. Ikaletwa kahawa, zikaletwa tende, tukaulizwa habari za mji na za safari, na kila habari tukajibu ni kheri, kama inavyopasa. Bibi alikuwa ameishika tende yake kwa muda mrefu mpaka imelainika. Mwisho akaiweka.

"Shangazi, ule udongo nilimpa mimi. Baba alijenga, lakini aliyempa udongo ni mimi."

"Najua. Nilikuwa nyuma ya mlango, nakusikia unaimba. Na sauti yako ilikuwa mbaya, Mungu anisamehe."

"Ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Udongo ulikuwa mbichi, Shangazi. Ungeusukuma kwa mkono mmoja. Mbona hukusukuma?"

Bi Ghaniya akamnyooshea Kaltham mkono, akanyanyuliwa, akatembea hatua tano mpaka kwenye mlango mdogo ubavuni mwa chumba, tukamfuata. Ndani ya wikio palikuwa na vikapu vya tende, vitunguu, na majani makavu ya mbuzi. Mwanga uliingia kwa kidirisha kimoja. Mwisho wake ulikuwa ule ukuta, mbovu mbovu, kazi ya mtu mwenye haraka na msaidizi wa miaka saba. Bi Ghaniya akaupapasa, akafika alipopataka, akauchukua mkono wa bibi akaubandika hapo.

Nilisogea nikaona. Palikuwa na kiganja kimezama udongoni, vidole vitano vimeachana, kama kidole cha mzee Marhoun kule Samad, ila hiki hakikutokea upande wa pili.

"Baba yako alipokwisha kukuteremsha chini, niliingia humu, nikatia mkono," akasema. "Ukazama. Nilibakisha kidogo tu kutokea kwenu. Mwaka ule falaj ilikuwa imekauka, na ni mwaka wa pili mitende haina kitu. Wewe na Mahfoudha mlikuwa mnagombea tonge moja, na mimi nakugawieni hilo hilo. Nikajiambia, ukisukuma, Ghaniya, utazika wawili. Nikautoa mkono." Akapumua. "Mahfoudha nilimzika kabla ya mwaka kugeuka. Mmoja."

Chini uchochoroni mbuzi alipita.

"Ungemwambia baba," bibi akasema, analia waziwazi. "Ungemwambia, mchukue."

"Neno hilo lisingetoka. Ukuta ulinisaidia. Nikawa nasema amenifungia."

"Nipe radhi, Shangazi."

"Yako nilikupa hamjafika Sur. Ya baba yako ndiyo niliyoikalia, nilimpa mwaka niliosikia kafa. Mkaidi yule. Naye kapata."

Bibi akamkumbatia, na kile kiwiliwili kidogo kikapotea ndani ya buibui lake. Ndipo ami Thabit, aliyekuwa amesimama mlangoni anavuta kamasi, akauona ule ukuta ni kazi ya kiume. "Mama, kuna sururu garini. Niuvunje?"

Bibi akamfasiria bi mkubwa kwa Kiarabu. "Mwambie mwanao auache ukuta wangu," Bi Ghaniya akamwambia bibi. "Huo ndio unaoshika paa sasa. Na upande wa pili hamna nyumba, atumbukie? Mlango upo chini. Mkija, bisheni hodi kama watu."

Tukarudi chumbani. Bibi akakaa, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akatazama huku na huku kama mtu aliyeamka.

"Rahila, lile bati la mkate umelitupa wapi?"

Nilikuwa nalo mkononi. Kaltham akaleta kisu. Bi Ghaniya akapewa kipande laini cha katikati, kwa ajili ya fizi, akakitafuna muda mrefu huku sote tukimngoja.

"Hiki mlikuwa mnakula huko Unguja?"

"Ndicho, Shangazi."

"Na mayai na sukari, kila siku?"

"Siku za sikukuu."

Akanyoosha mkono kutaka chengine. "Ndiyo maana hamkurudi," akasema.

Bibi alicheka mpaka makombo yakamruka. Alikula vipande vitatu, na tende nilizoacha kuzihesabu, na maghribi alipomuuliza Kaltham kama wali wa mchana umebaki, ami alinitazama nami nikamtazama, tukashuka chini kuyatoa mabegi garini, tuje kulala.