Lenzi ya Kumfuata Mdogo Wake Majini

Wateja walimwita Mama Tulia kwa sababu hilo ndilo neno alilolitumia kutwa nzima. Chumba chake cha picha kilikuwa na kiti kisicho na mgongo, pazia la buluu lililofifia upande wa dirisha, na stendi ya miguu mitatu iliyokaa mahali pamoja mpaka ikaacha vishimo sakafuni. Mtu aliketi, akatengeneza kola, akaambiwa "tulia," akatulia, kazi ikaisha. Watu wa sura zote walipita mbele yake, na wote walitoka na macho yaliyo wazi. Isipokuwa mmoja.

Mdogo wake wa kike, kitinda mimba wao, alifumba macho katika kila picha aliyopigwa na dada yake tangu utotoni. Ya shule, amefumba. Ya harusi, amefumba, na bwana harusi pembeni amekodoa kana kwamba anatazama kwa niaba ya wote wawili. Ya kitambulisho ilipigwa kwingine, na humo macho yamemtoka kama aliyekanyaga msumari.

Nyumbani lilikuwa jambo la kuchekesha. Mama Tulia naye alicheka, mpaka mume wa mdogo wake, fundi wa injini za boti aliyejulikana kwa jina la Nozeli, alipopata kazi kwenye bandari ya mbali na mizigo ikaanza kufungwa. Jioni moja alizitandaza picha zote mezani akaona kwamba atabaki na ndugu aliyelala. Alitaka moja tu, ya macho yale, kabla hawajaondoka.

Na alijua mahali pa kuitafuta. Asubuhi, kabla ya kazi, mdogo wake alipiga makasia ziwani, katika mtumbwi wa mashindano, mwembamba kiasi kwamba kwa mbali ungedhani ameketi juu ya mstari. Anayepiga makasia namna hiyo huenda kinyumenyume. Mgongo unatangulia, uso unabaki unatazama alikotoka. Kutoka nchi kavu Mama Tulia alikuwa amemwona kwa ubavu tu. Wa kumwona usoni ni yule anayemfuata kwa boti.

Wiki ile alitembea kama mtu aliyeamshwa nusu. Mteja alikuwa kitini, naye akaliona pazia la buluu likipanda na kushuka taratibu, na uso wa mteja ukielea juu yake. "Tulia," alisema, na hakuwa na hakika anamwambia nani.

Kamera anayo. Lenzi yake ya chumbani, hata hivyo, ilizoea uso ulio umbali wa mikono miwili. Akapanda ngazi za duka la kukodisha vifaa, mwenye duka akamwekea lenzi mbili juu ya kitambaa. Moja ilikuwa ndefu na nene, uzito wa mtoto mchanga, ya umbali mmoja tu. "Hii inakuletea mpaka kope," alisema. Nyingine ilikuwa ya wastani, ya kuvuta na kurudisha, ukubwa wa chupa ya maji. Mama Tulia hakusita. Alichukua ile nene, akarudi kung'oa stendi yake kutoka kwenye vishimo vyake, akaenda na vyote viwili kwenye gati la karakana ya boti, ambako Nozeli alikuwa amelala kifudifudi juu ya injini.

"Shemeji, hilo bomba la maji machafu unalipeleka wapi?"

"Ni lenzi, shemeji. Nataka tuijaribu kwenye boti."

"Na hayo magongo matatu? Unahamia?"

"Hiyo ndiyo inayoshika kamera isitikisike. Kazi yangu yote inasimama hapo."

Nozeli alijifuta mikono. Hakubisha. Akaisimamisha stendi katikati ya boti, akaweka juu yake, mahali pa kamera, kikombe chake cha chai, kisha akawasha injini. Chai ikajaa viduara, ikachemka bila moto, ikamwagikia mguu wa stendi.

"Injini inapanda kupitia miguu," alisema. "Sasa kishike wewe. Simama. Legeza magoti, usijikaze kama unapigwa sindano."

Mama Tulia akakishika. Boti iliyumba, magoti yakayumba nayo, na chai ikakaa kimya kama jicho.

"Unaona? Springi unayo mwilini. Umeizunguka siku zote ukitafuta magongo."

Akajaribu kusimama hivyo na ile nene. Mikono ilianza kutetemeka kabla hajapata uso wowote wa kuutazama, na boti ikimsogelea mtu hatua mbili tu, picha nzima ingekuwa pua. Kubadilisha lenzi majini hakuwezekani. Tone moja likiingia ndani, kamera imekwisha. Kwa hiyo ni moja, na iwe ile inayoweza kukaribia na kurudi nyuma pamoja na maji. Kope akaziacha. Alirudisha ile nene, akachukua ya wastani, akaifunika kamera kwa mfuko wa plastiki uliobanwa na mpira, na kuipandisha kasi ya kupiga hadi pale ambapo tone la maji pichani linasimama hewani kama shanga.

Asubuhi ya mwisho ziwa na anga vilikuwa rangi moja. Ukungu ulilala juu ya maji, na ndani yake makasia yalisikika kabla hayajaonekana: mvuto, kimya, mvuto. Kisha mtumbwi ukatokea, na juu yake mdogo wake, uso umewaelekea, ametulia kama mtu aliye peke yake chumbani. Nozeli alifuata polepole. Mama Tulia akalegeza magoti, akainua kamera.

Macho yakafumba.

Akaishusha, yakafunguka. Akaiinua, yakafumba.

"Nyie mmekuwa taa za barabarani," Nozeli akacheka. "Huyu akiwaka, yule anazima."

"Wewe!" Mama Tulia akapaza sauti. "Mpaka majini?"

"Sifanyi makusudi, dada!" Sauti ilikuja ikikatwa na pumzi. "Ukiweka hicho kitu usoni unapotea. Namtazama nani sasa?"

Mama Tulia aliitazama kamera. Ameketisha watu mbele yake maisha yake yote, na hakuwahi kujiuliza wao wanaona nini kutoka kwenye kile kiti. Mtoto wa miaka minne anaambiwa atulie, halafu dada yake anageuka kitu cheusi chenye jicho moja.

Akaishusha kamera mpaka kifuani. Lenzi ile ilikuwa nyepesi vya kutosha kukaa pale, imeshikwa kama mtu anavyoshika kikombe. Hakuitazama tena. Alimtazama mdogo wake, mdogo wake akamtazama. Maji yalipita katikati yao, ya kijivu, kisha ya fedha. Jasho lilimteremka mdogo wake kwenye shavu, na macho yake, ya kahawia, mapana, yenye alama ndogo kama ya mama yao kwenye pembe, yalibaki wazi. Kidole kilibonyeza chenyewe, mara nyingi, kwa sauti ndogo kuliko ya matone.

"Umepata?" Nozeli aliuliza.

Mama Tulia alitazama kioo cha kamera. Ziwa limelala upande kama linataka kumwagika. Kasia moja limekatwa. Mteja yeyote angedai apigwe upya. Katikati ya mambo yote hayo yalikuwa macho mawili, yanamtazama yeye.

"Nimepata, shemeji. Zima."

Injini ikanyamaza, boti ikasimama, ziwa likawa kubwa ghafla. Mdogo wake hakuacha kupiga makasia. Alizidi kwenda, mgongo mbele, uso kwao, kila mvuto ukimpunguza kidogo, na Mama Tulia akaiweka kamera chini, akasimama na mikono mitupu mpaka ukungu ulipomfunika mdogo wake.