Flora Anaonekana kwa Jirani

Kila Jumapili baada ya misa, Bibiana alikwenda kumwona mwanawe wa kumzaa nyumbani kwa mtu mwingine. Flora alikuwa India akisomea uuguzi, na mtaa wao wote pale Mkomaindo ulikuwa na nyumba moja tu yenye intaneti, ya jirani yake Severina, Mama Edmund. Flora alitokea kwenye kompyuta, meno yote nje, na salamu yake ya kwanza ilikuwa, "Shikamoo, Mama Mdogo!" Mama Mdogo ndiye Severina. Mama mzazi amekaa pembeni kwenye kigoda, anasubiri zamu.

"Mwanetu amenenepa," Severina alisema.

Mwanetu! Neno hilo Bibiana alilisikia kama mchanga ndani ya ugali.

Basi msimu wa korosho ulipoisha, naye akanunua kompyuta na kile kisanduku cha intaneti kinachowekwa laini ya simu. Severina hakuambiwa. Fundi wa sokoni alimwonyesha taa tatu za kijani, akasema, "Ukiziona zote, mama, uko India."

Nyumbani ikawaka moja, nayo nyekundu.

Akazima, akawasha. Akatoa laini, akaipuliza, akairudisha. Akanunua bando jingine. Flora akaja vipande vipande, nusu paji la uso, sauti kama ya mtu aliye mtungini: "Ma... ma... sio..." Kisha kiduara kikaanza kuzunguka.

Bibiana alishajua sababu. Severina anaunyonya mtandao! Alichungulia kwa pembe ya pazia. Kisanduku cha Severina kimekaa dirishani, uchi kabisa, taa zote tatu zinakonyeza.

Jumapili moja mambo yakawa mazito. Kesho yake Flora angepelekwa kufanya mazoezi hospitali ya kijijini, miezi mitatu bila simu ya picha. Aliahidi kupiga saa tisa. Saa tisa na robo kiduara bado kinazunguka. Bibiana akaenda kwa jirani.

"Hodi, Mama Edmund."

"Karibu! Mwanetu kanipigia sasa hivi. Anasema anakupigia kwako, hapati. Kumbe una intaneti kwako, jirani! Ulinificha?"

Bibiana akamshika mkono, akamvuta. Wakavuka uwanja pamoja.

"Chenyewe kiko wapi?" Severina aliuliza, akiangaza macho sebuleni.

Bibiana akafungua fundo la khanga, akatoa ufunguo, akafungua kabati la vyombo. Akaondoa masinia mawili ya bati. Akaondoa sufuria za arusi. Nyuma kabisa, chini ya kitambaa cheupe cha kufuma, kisanduku kilikuwa cha moto kama kitumbua kilichotoka kuepuliwa.

Severina akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama Flora! Mtandao unaufungia kwa ufunguo? Utapenya wapi kwenye masinia yote haya? Na nguo umeuvika!"

"Redio ina kitambaa, tivii ina kitambaa. Hiki nikiache wazi, watu wakione?"

"Watu gani?"

Watu wenyewe walikuwa wamesimama mbele ya Bibiana.

Wakakiweka dirishani, kikapoa. Taa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu! Kompyuta ikalia, na Flora akatokea mzima, mpaka kovu la kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama!"

Mama. Bila mdogo.

"Marahaba, mwanangu," Bibiana akalivuta hilo "mwanangu" lisikike nyumba ya tatu.

Severina akanyoosha shingo kulia. Bibiana akasogeza kiti kulia. Severina akaenda kushoto, kiti nacho kikaenda kushoto.

"Mama, mbona unaziba? Nani yuko nyuma yako?"

"Hakuna mtu. Kitambaa tu hicho."

Severina akakiokota kitambaa cha kufuma, akajitanda kichwani, akachomoza juu ya bega la mwenye nyumba. "Kitambaa kinakusalimu, mwanetu!"

Flora akacheka mpaka machozi. "Mama Mdogo! Mama, sogea basi niwaone wote!"

Bibiana akasogea. Upana wa kiganja, basi.