Nilibonyeza "Nyumbani", Nikafikishwa Bububu

"Umefika. Nyumbani iko upande wako wa kushoto."

Ndivyo simu ilivyosema.

Nikatazama kushoto. Geti la kijani. Mpapai. Kamba ya nguo. Viatu vidogo vya mtoto vimeachwa nje ya mlango.

Mimi naishi Michenzani, ghorofa ya tatu. Sina geti, sina mpapai, na mtoto Mungu alikuwa bado hajanijalia.

Hapo nilikuwa Bububu.

Nikajua ramani imekosea. Kumbe ramani ndiyo kitu pekee ndani ya ndoa yangu ambacho hakikuwa kimekosea.

Naitwa Tabia. Kwetu ni Morogoro, lakini niliolewa Unguja, na siku hiyo ndoa ilikuwa na miaka minne. Natengeneza keki za harusi. Mume wangu, Haitham, ni mpima ardhi.

Ili mnielewe, lazima kwanza nimweleze huyu Haitham na ramani zake.

Tangu siku ile mtandao ulipokata kisiwa kizima, mwaka uliopita, mwenzangu akageuka mhubiri. Akikaa barazani, mada ni moja tu. Kujiandaa.

"Mtandao ni mgeni," anawaambia watu. "Leo upo, kesho umeaga. Pakua ramani yako mapema, iweke ndani ya simu. Setilaiti haili bando!"

Watu wanatikisa vichwa kukubali. Mimi napita na sinia la kahawa, najisikia mke wa profesa.

Nyuma ya gari aliweka kisanduku cha dharura. Ndani mna dira, ramani ya karatasi ya Unguja nzima, tochi, filimbi, na simu yake ya zamani isiyo na laini, yenye ramani iliyopakuliwa.

"Filimbi ya nini?" niliwahi kumuuliza.

"Ukipotea, unapuliza."

Kisiwa chenyewe ukianza kutembea asubuhi, jioni umetokea bahari ya pili. Lakini haya. Mume akisema, mke anaitikia.

Na kila wiki, siku tatu, Haitham alikuwa anakwenda kupima mashamba. Makunduchi, Nungwi, huko huko. Siku hizo simu yake haipatikani kabisa.

"Kule mashamba hakuna mtandao, mke wangu," anasema, uso wa huruma.

Na mimi namfungia vitumbua vya njiani. Jamani. Kwa mikono yangu hii.

Sasa siku yenyewe. Haitham kaondoka asubuhi na gari la ofisini kwao, kaaga siku tatu, Makunduchi. Gari letu kaliacha chini ya ghorofa.

Mimi nina keki ya harusi ya Chwaka, tabaka nne. Dereva niliyemkodi akanipigia saa nne, eti mgongo umemkamata.

Leseni nilikuwa nayo, ina miezi miwili. Nikachukua ufunguo. Sikumwambia mtu.

Kwenda hakukuwa na shida. Simu yangu inaniongoza, keki imetulia, bibi harusi akaipokea kwa vigelegele. Nikajiona dereva wa kimataifa.

Kurudi ndiko kulikonitoa jasho.

Njia ya Dunga ilikuwa imefungwa, lori la mchanga limelala katikati kama limechoka na dunia. Watu wakaniambia nizungukie Uroa, nitokee Kiwengwa, niingie njia ya Mahonda.

Nikatoa simu nitazame. Kiduara kinazunguka. Kinazunguka. Mtandao umekata tena.

Pale Uroa nikasimama, nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anaanika mwani.

"Shikamoo mama. Naomba njia ya kwenda mjini."

"Marahaba, mwanangu. Nenda moja kwa moja. Ukifika pale palipokuwa na mti wa mkungu, pinda. Usipinde sana. Utaliona duka la marehemu Matar."

"Bado lipo?"

"Aka! Lilivunjwa zamani. Lakini utapaona."

Nikashukuru. Huyu mama alikuwa na ramani kamili kichwani, ila ya mwaka ambao mimi sijazaliwa.

Mbele ya Kiwengwa nikaingia njia ya vumbi, nikaingia nyingine, nikajikuta kwenye mihogo. Mbele mihogo, nyuma mihogo.

Nikakumbuka kisanduku.

Nikaanza na ramani ya karatasi. Ukiikunjua inafunika boneti yote, na ukishaikunjua hairudi ilivyokuwa. Nikaiweka dira juu yake. Nikasogea kushoto, mshale ukasogea. Nikasogea kulia, ukasogea tena. Baadaye sana ndipo mtu akaniambia dira haiwekwi juu ya gari, inafuata chuma. Kwa hiyo kwa dakika kumi mimi nilikuwa natafuta kaskazini ya injini.

Filimbi sikupuliza. Mihogo ingenicheka.

Nikawasha simu ya zamani. Haikuwa na neno la siri. Ramani ikafunguka, na kidoti cha buluu kikanionyesha mimi hapo nilipo, katikati ya shamba. Nikasema kumbe mume wangu ni kichwa! Nikambariki. Wallahi nilimbariki.

Chini kulikuwa na kitufe kimeandikwa "Nyumbani".

Nikabonyeza.

Yule dada wa ndani ya simu akaanza kunielekeza, taratibu, hana makuu. Nikatoka kwenye mihogo, nikapita Kinyasini, nikapita Mahonda. Njia ni ya mjini kweli, moyo ukatulia.

Kufika Bububu akasema, "Geuka kushoto."

Nikajisemea labda ananikwepesha foleni. Nikageuka. Kushoto tena. Kulia. Kichochoro. Mbuzi. Geti la kijani.

"Umefika."

Sijazima hata gari, geti likafunguliwa. Msichana wa kama miaka tisa akatoka mbio, akafungua mlango wa abiria.

"Baba, leo umewahi!"

Akaniona. Akarudi nyuma.

Nyuma yake akatoka mwanamke, kanga kiunoni, mikono ina unga. Mzuri, jamani, lazima niseme ukweli. Akaitazama namba ya gari, akanitazama mimi.

"Hili gari la mume wangu," akasema. "Haitham kapatwa na nini?"

Hapo masikio yakaanza kulia nziiii.

"Haitham gani?" nikauliza, kama kisiwa hiki kina Haitham elfu wanaotumia gari moja.

"Haitham mpima. Wewe nani? Mwenzake wa kazini?"

"Mimi mkewe."

"Mke wa nani?"

Nikabaki namtazama yule mtoto. Ana miaka tisa. Ndoa yangu ina miaka minne. Hesabu ile nilitamani iwe ngumu, lakini ilikuwa ya darasa la kwanza. Bi mdogo nilikuwa mimi.

Yule mwanamke akatazama kulia na kushoto.

"Ingia ndani," akasema kwa sauti ya chini. "Majirani hawa wana masikio. Rukaiya, nenda kaangalie chapati zisiungue."

Jina lake Maisara. Tukakaa kwenye mkeka, hakuna aliyemtukana mwenzake. Nafikiri sote wawili tulikuwa tunangoja mtu atokee aseme ilikuwa utani.

"Mimi anan'ambia anapima mashamba," nikasema. "Siku tatu kila wiki. Hakuna mtandao."

"Hizo siku tatu anakuwa hapa kalala," Maisara akasema. "Mimi anan'ambia ana zamu ofisini. Siku nne. Kulala huko huko."

Akaiona ile simu mkononi mwangu.

"Umefikaje hapa?"

Nikampa. Akakiona kitufe cha "Nyumbani". Akatabasamu kidogo, tabasamu la kuumia. Halafu akaona kuna kingine chini yake.

"Kazini," akasoma. Akakibonyeza. Ramani ikasogea, ikasimama juu ya yale majumba marefu.

"Mbona ofisi yao ipo Michenzani, juu ya ghorofa?"

"Michenzani ndiko ninakokaa," nikasema.

Tukatazamana.

"Basi kazi ndiyo wewe," akasema Maisara.

Miaka minne, ndugu zangu. Mimi nadhani nimeolewa, kumbe ni ofisi.

Maisara akatoa simu yake, akapiga, akaweka sauti kubwa. Mtandao ulikuwa umekata, lakini simu za kawaida zilikuwa zinapita. Nikachungulia ile namba. Sijawahi kuiona. Haikuita hata mara mbili.

"Naam, mke wangu," Haitham akaitika. Ile sauti ya asali. Nilidhani ni ya kwangu peke yangu.

"Uko wapi, mume wangu?"

"Niko kazini bado. Nitachelewa kidogo."

Maisara akanisogezea simu mdomoni.

"Kazini umeondoka tangu asubuhi," nikasema.

Ukasikika mnazi wa jirani unavyopepea.

"Haloo?" akasema Haitham. "Haloo? Mtandao unakatakata..."

Akakata yeye.

Mtaalamu wa kujiandaa kwa kila dharura akapotea siku mbili. Siku ya tatu alipatikana kwa mama yake, anaumwa kichwa.

Mzee Simai, amu yake Haitham, ndugu wa baba yake, akatuita sote wanne, na mama mtu akiwemo. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaniitikia marahaba, halafu akaniuliza ndoa yangu ilifungwa wapi.

"Morogoro, mzee. Upande wa mume alikuja amu yake na binamu."

"Amu yake ni mimi, hana mwingine," akasema. "Na Morogoro sijafika."

Haitham akajikaza. "Amu, sharia inaniruhusu wanne."

"Wake wanne, naam. Na uongo, umeruhusiwa mara ngapi?"

Haitham akaanza kulichunguza jamvi kama anataka kulipima.

Mimi niliomba talaka, nikapewa. Maisara alibaki. Msimseme. Ana mtoto, ana sababu zake, na masharti aliyompa mbele ya wazee yule bwana atayakumbuka mpaka kaburini. Mimi naye si marafiki. Ila tukikutana Darajani tunasalimiana, na mara moja aliniuliza kama nimekonda au ni baibui.

Mnajua sikulia? Bububu sikulia. Kwa Mzee Simai sikulia. Watu wakasema huyu mwanamke wa bara ana moyo wa jiwe.

Jumapili Haitham akatuma ujumbe, nguo zake zifungwe, kuna mtu atakuja kuzichukua. Nikaandaa mabegi mawili makubwa. Nikafungua kabati.

Kanzu moja. Suruali mbili. Mashati matatu. Msuli. Wembe.

Nikatafuta chini ya kitanda. Nikatafuta nyuma ya mlango. Nikafua hata soksi iliyokuwa haina mwenzake, nikaikunja.

Vyote vikaenea kwenye mfuko mmoja wa sokoni, na juu bado palibaki nafasi.

Miaka minne nilikuwa nalifungua kabati lile kila asubuhi, na sikuwahi kuona kwamba nguo zote zilizojaa mle ni zangu.

Hapo ndipo nilipokaa chini, sakafuni, nikalia mpaka yule mtu wa kuchukua mzigo akagonga, akangoja, akaenda zake.

Kwa hiyo dada yangu unayesoma hapa: simu ya mumeo iache, utajitafutia presha bure. Wewe mngoje atoke, kisha fungua kabati. Anayeishi kwako anajaza. Anayepita, nguo zake unaweza kuzibeba kwa mkono mmoja.