Kadi ya Baba Mkubwa

Mimi nimejijenga mwenyewe. Niliondoka Iringa na begi moja, nikarudi kutoka Afrika Kusini na stashahada ya biashara na gari langu, nikajenga Iyunga, Mbeya, bila kushikwa mkono na mtu. Kwa hiyo dada aliponipigia simu kwamba baba mkubwa, mwanajeshi mstaafu, amekabidhi kadi yake ya benki na namba ya siri kwa kampuni moja mjini Iringa, sikuomba ushauri. Niliwasha gari.

Kampuni ilimwahidi kufuatilia mapunjo ya pensheni yake. Tangu hapo pensheni ikiingia, wao ndio huitoa, wakakata wanachoita gharama, wakamwachia makombo. Mwezi uliopita alikopa chumvi kwa jirani.

Nilimchukua kwake, nikampeleka ofisini kwao, ghorofani nyuma ya soko. Wastaafu wengine walikuwa kwenye benchi. Tulipoingia, kijana wa mezani aliruka, akabana visigino, akapiga saluti.

“Jambo, afande!”

Baba mkubwa alinyooka mgongo. Miaka mingi sikuwa nimemwona hivyo.

“Afande wa nani?” nikasema, benchi zima lisikie. “Hata kofia huna! Baba, mtu anapiga saluti kichwa wazi, na wewe mwanajeshi mzima unampa kadi? Wamekufanya mtoto mdogo.”

“Najua hana kofia,” akajibu taratibu. “Jeshini angelala mahabusu. Lakini nikiingia, anasimama. Wewe asubuhi umepiga honi getini, mimi ndiye niliyetoka kukusalimu.”

Kwetu Wahehe, mdogo huingia uani, akainama, akasema kamwene, ndipo aulizwe habari za njiani. Mzee mmoja wa benchi akaguna, “Mh! Wasomi hawa,” wenzake wakacheka. Masikio yaliniwaka moto.

Kijana alidai kadi zote zimefungiwa makao makuu. Baba mkubwa hakubishana naye. Alishuka ngazi, akaenda benki, akaniambia nisubiri nje. Alipotoka, ile kadi ya zamani ilikuwa imesitishwa na mpya alikuwa nayo mkononi. Akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Nikamnyooshea mkono. “Baba, nipe mimi nikutunzie. Matapeli hawa watarudi.”

Akanitazama usoni.

“Hata yule kijana alianza na maneno hayohayo.”

Ningeweza kukasirika. Lakini aibu ilinibana, kwa sababu hata kabla hajajibu nilikwishajiona kwenye kikao cha ukoo, nikiwatangazia ndugu wote kwamba pensheni ya mzee sasa naisimamia mimi. Mkono ulikuwa bado hewani, watu wakipita. Nikaurudisha mfukoni.