Pasaka Tuliyolala Kwenye Hema

Mwezi uliopita mteja mmoja wa kusuka aliniomba nimfuate nyumbani kwake, nje ya jiji, akanielekeza barabara inayopita kando ya bwawa. Sikufikiri kitu. Nikapita robot ya mwisho, zile taa za barabarani, nikakata kona, na lile lango la uwanja wa mahema wa bwawani likawa mbele yangu. Limefungwa mnyororo. Majani yamefika kiunoni, na jengo la mabafu limeng'olewa paa, milango, hata mabomba. Eish, rafiki yangu, nilisimamisha gari nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikasema, vizuri sana, na paote miiba.

Usinione mbaya. Nilipokuwa mtoto pale palikuwa mahali pa kuota ndoto. Wikendi ya Pasaka ungedhani nusu ya Johannesburg imehamia bwawani na mahema yake, karavani zake, zile nyumba za kuvutwa na gari, na majiko yake. Kamba za hema lako zilipita juu ya kamba za jirani, na ukienda chooni ulijikwaa ukatukanwa kwa lugha tatu. Moshi wa nyama ulitanda tangu asubuhi. Redio za magari zilishindana, huku muziki wa kwaito, kule mapambio ya kanisa, na wale ndege wa kijivu, hadeda, wakipiga kelele juu ya vichwa vyetu kama wanawake wanaogombania kamba ya kuanikia nguo. Watu wote hao, na bomba la maji ya kunywa lilikuwa moja, mbele ya mabafu.

Sisi tulikuwa Wakongo wa mtaa wa Turffontein, tumetoka Fizi. Baba alikuwa mlinzi, na mwaka ule alipandishwa akawa msimamizi wa walinzi wenzake. Bosi wake alikuwa na karavani na kila Pasaka alikuwa pale bwawani, akamwambia baba, njoo na familia yako. Ungemwona baba! Alinunua kaptula. Alinunua hema, akalisimamisha sebuleni ili ajifunze, na siku ile tulikula bukari, ugali wetu, tumekaa humo ndani, mimi nikijiona mtoto wa tajiri. Bibi peke yake, mama mzazi wa baba, ndiye aliyelizunguka lile hema, akaligusa kwa ncha ya kidole.

"Papa," alisema, "nyumba si tuko nayo? Kwa nini tulale katika hii?"

Alimwita papa. Kwetu mama humwita hivyo mwanawe wa kiume, kwa kumdekeza, hata mwana akishaota mvi. Baba alikuwa jitu la mabega mapana, lakini bibi alipomwita papa alilegea shingo kama kitoto kinachonyolewa. Tulikuwa tukimtania kwa hilo. Alipenda kutaniwa.

Na bibi alikuwa na haki ya kuuliza. Vita ilipowafukuza Fizi alivuka ziwa na baba akiwa mgongoni, wakaishi katika kambi ya wakimbizi Tanzania, chini ya turubai, mpaka baba akabaleghe. Alitusimulia mara nyingi. Kule bomba lilifunguliwa asubuhi, na ukichelewa wanao hawanywi. Kwa hiyo ulipanga dumu lako mapema kwenye mstari, na kama huna dumu uliweka jiwe. Jiwe la mtu halikuguswa. Ungeweza kumwibia mwenzako kuku ukasamehewa, lakini si kusogeza jiwe lake. Maji yote aliyokunywa baba utotoni yalitoka kwenye mstari ule, mama yake akiwa amesimama juani.

Basi tukaenda. Jioni ya kwanza mama alikaanga ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na harufu ikasafiri. Vijana wa hema la pili wakapita wakijishika shingo na kujifanya wanatapika. Watu wakacheka. Baba naye akacheka pamoja nao, tena kwa sauti kuwapita, kisha akamwambia mama kwa Kiswahili, midomo ikiwa bado inatabasamu, "Mwaga hiyo takataka." Mama akamwaga. Tulikula mkate mkavu na soseji zao ndefu zilizojikunja, nusu mbichi, maana hakuna kati yetu aliyejua kuzichoma. Bibi hakula. Alikuwa anaangalia bomba.

Asubuhi kukapambazuka na baridi ile ya Aprili inayouma masikio. Nilitoka kwenda kukojoa, nikamkuta bibi bombani. Alikuwa amepanga vyombo vyetu vyote: dumu, sufuria, birika, hata lile boksi la barafu alilonunua baba. Nyuma yake alikuwa amepanga mawe, yamenyooka, jiwe moja kwa kila hema la jirani, hata la wale vijana waliojifanya wanatapika. Amewawekea nafasi! Wao wamelala, yeye amehangaika kuwachagulia mawe. Nikamsaidia kuyanyoosha, na alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo tangu tufike Johannesburg, mwanamke aliyerudi kwenye kazi anayoiweza.

Watu wakaanza kuja na miswaki mdomoni. Bibi akawa anawaonyesha mawe yao. "Mustari! Mustari! Wewe, nyuma!" Wengine walicheka wakatii. Wengine walitoa simu wakampiga picha, kilemba chake, kitenge chake, miguu yake mitupu kwenye umande. Yeye aliwapungia mkono. Ndipo akaja mwanamume mmoja mnene mwenye taulo begani, akawapita wote, akaweka birika lake chini ya bomba. Bibi akampiga kibao cha mkononi, akalichukua birika, akalibeba hadi mwisho wa mstari, akaliweka nyuma ya jiwe la mwisho.

Alikuwa bosi wake baba.

Baba alifika mbio. Yule bosi, ambaye hata hakukasirika, alikuwa anacheka, akamuuliza kwa Kiingereza, "Huyu ajuza ni wa kwako?" Hapo baba angeweza kusema neno moja tu, mama.

"Hapana, bosi," alisema. "Ni mfanyakazi wetu wa ndani. Kichwa chake si kizima. Utusamehe."

Kisha akayapiga mawe teke, moja baada ya jingine, mpaka mstari ukaisha. Watu wakashangilia. Nilimchukia baba siku ile, na sioni haya kulisema.

Labda alidhani bibi hakuelewa. Mjinga! Tulipofika nchi hii bibi alifua na kufagia katika nyumba za watu kule mtaa wa Observatory ili baba asomee hiyo kazi ya ulinzi. Kiingereza chake chote kilikuwa cha jikoni kwa watu, na maneno ya mfanyakazi wa ndani aliyajua kuliko baba. Alisimama akamtazama. Akafuta mikono kwenye kitenge, akapiga goti kidogo, namna wanavyopiga wanawake wa kazi mbele ya matajiri wao.

"Ndiyo, bosi," alisema.

Tukadhani ni hasira za siku moja. Siku nzima alichota maji, akaosha vyombo, akafagia mbele ya hema. Chakula kilipoiva alichukua sahani yake akaenda kula nyuma, kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mama akalia. Baba akajaribu mzaha, "Mama, njoo basi, umeshatukomoa," na bibi akamjibu bila kuinua macho, "Bosi ataongeza chai?"

Tulirudi Turffontein na mambo hayakubadilika. Alibisha hodi kabla ya kuingia sebuleni kwa mwanawe. Baba aliita wazee wa kanisa, wakaomba, wakasihi. Bibi aliwasikiliza vizuri, akawapa soda, akasema yeye hana neno na bosi, bosi ni mtu mwema, anamlisha. Baba alimnunulia kitenge cha thamani, akapiga magoti mbele ya wageni kumpa. "Asante, bosi." Mimi na mama alitubembeleza kama zamani, alitucheka, alitusuka. Kwa baba tu ndiko alikokuwa jiwe. Miaka ikapita hivyo, na lile jitu likawa linazunguka mlango wa mama yake kama mbwa aliyefukuzwa.

Alipougua mara ya mwisho tulimuuguza nyumbani. Asubuhi moja pumzi zilianza kukatika, mama akatuita. Baba alipiga magoti kando ya kitanda, kichwa kwenye blanketi, akilia hadharani bila kujali majirani waliojaa mlangoni.

"Mama, niite papa. Mara moja tu, mama yangu. Niite."

Bibi alifumbua macho. Akili zilikuwa timamu, naapa. Akanyoosha mkono akamshika kichwa, polepole, kama alivyomshika zamani.

"Bosi," alisema, "kazi nimemaliza. Naweza kwenda?"

Na baba, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumpa ruhusa, akasema ndiyo.